UCHAMBUZI: Lamu hatarini kupoteza mtaa ambao Uchina inagharimika kuujenga

Jua linaposogea magharibi na kivuli cha nyumba za mawe kuufunika mtaa, Usita wa Mui katika mji wa kale wa Lamu huamka kwa mara ya pili. Maduka yaliyofungwa adhuhuri hufunguliwa. Wauzaji wa viazi karai na mahamri huinjika makarai yao, mafundi cherehani hurejea vitini, akina mama waliojitanda buibui hutoka kununua vitambaa na viungo, nao wazee huketi barazani wakisubiri adhana ya magharibi. Punda aliyebebeshwa mawe hupita katikati ya umati huku mwenyewe akipaza sauti: "Simile! Simile!"

Kwa vizazi na vizazi, hiyo ndiyo honi pekee iliyojulikana katika mtaa huo. Leo kuna honi nyingine. Ni ya pikipiki ya bodaboda inayotokea kwenye kona nyembamba, ikiwa na abiria mmoja au wawili, na kuwalazimu watoto wanaotoka chuoni kuzijifunza kuta za nyumba kwa migongo yao.

Mtu asiyeijua Lamu huenda akaliona jambo hili kuwa dogo. Bodaboda zimejaa kila pembe ya Kenya, atasema, na kisiwa hakiwezi kubaki nyuma. Hata hivyo, kinachoamuliwa katika kona hizo si suala la kelele na moshi peke yake. Kinachoamuliwa ni iwapo mji uliojengwa kwa kipimo cha mguu wa binadamu na kwato za punda utaendelea kuwa hivyo, na iwapo vijana wanaotafuta riziki humo watapata nafasi yao bila ya kuuvunja.

La kustaajabisha ni kwamba mjadala huu unapamba moto Lamu wakati ambapo Uchina, taifa ambalo wengi kisiwani hulichukulia kuwa kielelezo cha maendeleo ya haraka, inatumia fedha nyingi kurudisha katika miji yake mikubwa kitu kile kile ambacho Lamu haijawahi kukosa: mtaa wa biashara usiopitwa na gari.

Mtaa uliojichora wenyewe

Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji kwa lahaja ya Kiamu, hukimbia sambamba na bahari, safu moja ya nyumba kutoka ufukweni. Katika ramani za serikali hujulikana kama Harambee Avenue, jina ambalo ni nadra kulisikia kinywani mwa mwenyeji. Mtaa huo huunganisha Mkomani, upande wa kaskazini wenye nyumba kongwe za mawe, na Langoni, upande wa kusini uliokua baadaye. Katikati yake upo uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ambayo ilitumiwa kama gereza hadi mwaka 1984 kabla ya kukabidhiwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ubavuni mwa ngome hiyo lipo soko la samaki, nyama na mboga.

Hakuna mamlaka iliyokaa na kuchora mtaa huu. Ulijichora wenyewe kwa mahitaji ya watu. Vichochoro vinavyoushukia kutoka mitaa ya juu ni vyembamba ili viwe na kivuli mchana kutwa na kuvuta upepo wa bahari. Kuta za mawe ya matumbawe huhifadhi ubaridi. Mahali pengine chumba huvuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili za jamaa mmoja, muundo uitwao wikio, na mpita njia hupata hatua chache za kivuli kizito. Mlangoni kuna daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huzungumza na mgeni bila ya kumwingiza ndani wala kumwacha juani.

Mambo haya ndiyo yaliyoifanya UNESCO kuutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Shirika hilo liliueleza kuwa makazi ya Waswahili yaliyo makongwe zaidi na yaliyohifadhika vyema zaidi Afrika Mashariki. Ifahamike kwamba sifa hiyo haikutokana na mawe matupu. Gede ina mawe, na Shanga kisiwani Pate ina mawe. Tofauti ni kwamba Gede na Shanga ni magofu, ilhali Lamu watu wanaishi, wananunua, wanaswali na kuzikana humo humo. Kilichoenziwa ni mji unaofanya kazi.

Na kazi yenyewe hufanyika kwa miguu. Anayetembea huona. Akiona husimama, akisimama husalimia, na akisalimia huulizia bei. Muuza kofia za kudarizi kwa mkono hahitaji bango kubwa kwa sababu mteja hupita hatua moja kutoka alipoketi. Sonara humjua bibi harusi tangu akiwa mtoto. Mwenye duka la unga huandika deni daftarini kwa kuwa mdeni wake atapita mbele ya duka hilo jioni, apende asipende. Huo ni uchumi wa kuonana uso kwa uso, na mwendo wa polepole ndio mtaji wake.

Miji ya Uchina yarudi kwenye mguu

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, wanakokwenda kuagiza nguo, viatu, simu na vipuri. Baada ya kazi ya kupatana bei katika maghala, wengi hufika Beijing Lu, mtaa mkuu wa maduka ambao magari yameondolewa. Maelfu ya watu hutembea humo kila jioni chini ya taa za rangi, vijana kwa wazee, wakila, wakinunua na wakati mwingine wakitazamana tu.

Mwaka 2002, mafundi waliokuwa wakichimba katika mtaa huo walikuta chini yake tabaka za barabara za kale, moja juu ya nyingine, za tangu enzi ya nasaba ya Tang, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Badala ya kuzifukia, wakuu wa mji waliamua kuzifunika kwa kioo. Leo mpita njia husimama na kuitazama chini ya miguu yake njia waliyoikanyaga wachuuzi wa karne nyingi zilizopita. Guangzhou iligundua kwamba ukale, ukipewa heshima yake, ni bidhaa inayovuta wanunuzi.

Guangzhou haikuwa peke yake. Jijini Shanghai, sehemu ya mtaa maarufu wa Nanjing Lu ilifungiwa magari mwaka 1999 na kuachiwa wanaotembea. Miji mingine mingi imefuata mkondo huo. Sababu si mapenzi ya historia peke yake. Wapangaji wa miji hiyo walitambua kwamba gari humpitisha mtu mbele ya duka, ilhali miguu humwingiza dukani.

Lipo jambo jingine ambalo wakazi wa Lamu wangefaa kulijua. Tarehe 1 Januari 2007, Guangzhou ilipiga marufuku pikipiki katika maeneo yake ya mjini, baada ya miaka kadhaa ya kuzipunguza hatua kwa hatua. Uchina ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuunda pikipiki. Huziunda, huziuza ng'ambo, Afrika ikiwemo, na wakati huo huo huziondoa katika barabara za miji yake mikubwa. Anayenunua bidhaa hana budi kumtazama pia muuzaji anavyoitumia nyumbani kwake.

Ni kweli kwamba mitaa hiyo ya Uchina ina kasoro zake. Mingi hufanana, yenye maduka ya kampuni zile zile kubwa na vyakula vile vile vya kuwafurahisha watalii. Baadhi imejengwa upya kwa sura ya kale baada ya majengo halisi kubomolewa au kuharibiwa vitani. Jijini Nanjing, kwa mfano, eneo la maduka linalozunguka hekalu la Confucius, liitwalo Fuzimiao, liliteketezwa mwaka 1937 wakati wa uvamizi wa Wajapani, na majengo yanayoonekana leo yaliinuliwa tena katika miaka ya 1980. Watu hufurika humo kutazama nakala. Lamu inayo asili yenyewe.

Pikipiki zilivyovuka bahari

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba kisiwa cha Lamu kilikuwa na gari moja tu, la mkuu wa wilaya, na kwamba hata hilo halikuwa na mahali pa kwenda. Jamii ilikuwa na usemi wake wa kibaramwezi, kwamba mwanamume asiye na punda ni punda yeye mwenyewe. Punda alibeba mawe, mchanga, maji, nazi na wagonjwa.

Kuingia kwa pikipiki kuna sababu zinazoeleweka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, na katika muda mfupi bodaboda zikawa ajira ya maelfu kwa maelfu ya vijana nchini. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu ilipowekwa lami, safari ya kufika Mokowe ikawa nyepesi, na kutoka hapo chombo chochote kidogo huweza kupakiwa mashuani na kuvushwa.

Isitoshe, riziki za zamani zilikuwa zikibanwa kila upande. Mwaka 2011 raia wa kigeni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na nchi kadhaa zikawaonya raia wao wasifike Lamu. Mwezi Juni mwaka 2014 magaidi walishambulia Mpeketoni na maeneo jirani na kuua zaidi ya watu 60. Amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata ilidumu kwa miezi mingi, wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, na nyumba za wageni zikabaki na funguo zikining'inia ukutani. Kijana aliyekuwa akiwatembeza watalii au kuendesha mashua alihitaji kazi nyingine. Pikipiki ilimpa kazi hiyo siku ile ile aliyoinunua.

Mji nao ulipanuka. Mitaa kama vile Wiyoni, Kashmir na Kandahari iko mbali na ufuo kuliko Mkomani, na mama mjamzito anayehitaji kufika Hospitali ya King Fahd usiku hawezi kuambiwa asubiri punda atandikwe. Vijiji vya Matondoni na Kipungani viko mbali zaidi. Kwa wakazi wa huko, pikipiki si anasa.

Kwa hiyo, anayewalaumu madereva wa bodaboda kwa kuuharibu mji anapaswa kwanza kueleza wangekula nini. Na anayewatetea anapaswa naye kueleza ni kwa nini huduma inayohitajika Kandahari ipitie katikati ya Usita wa Mui, ambako kila kitu kiko umbali wa kutembea.

Maagizo ya kuziondoa pikipiki katika mji wa kale yametolewa na wakuu zaidi ya mara moja. Mtindo umekuwa ni ule ule. Agizo hutangazwa, askari husimama ufukweni kwa siku kadhaa, pikipiki hupungua. Kisha macho yakilegea hurejea, kwanza usiku, halafu alfajiri, na mwishowe mchana kweupe. Sheria inayotegemea askari kusimama haiwezi kuishi muda mrefu kuliko miguu ya askari huyo.

Punda na bei ya ngozi yake

Katika mjadala huu, punda husahaulika, ilhali ndiye aliyeubeba mji. Hospitali ya punda iliyofunguliwa Lamu mwaka 1987 na shirika moja la hisani la Uingereza ni ushahidi wa wingi wa wanyama hao na pia wa mateso yao. Wengi hupakiwa kupita kiasi, huachwa na vidonda vya mgongoni, na jioni huzurura wakila takataka na mifuko ya plastiki. Anayetaka Lamu ibaki mji wa punda hawezi kulifumbia macho hilo.

Hapa pia kivuli cha Uchina kinaonekana. Mahitaji ya dawa iitwayo ejiao, inayotengenezwa nchini humo kwa kuchemsha ngozi ya punda, yalifikia Kenya kwa kishindo. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa bara, wizi wa punda ukaenea, na bei ikapanda hadi kuwashinda wengi waliomtegemea mnyama huyo. Serikali ilitangaza kuvifunga mwezi Februari mwaka 2020, mahakama ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2021, na hatimaye mwezi Februari mwaka 2024 viongozi wa Muungano wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15.

Funzo ni wazi. Mfumo wa uchukuzi unaoonekana kuwa wa kale na wa kudumu unaweza kuyumbishwa na soko lililo maelfu ya kilomita mbali. Punda wa Lamu hatasalia kwa sababu ya mazoea tu. Atasalia iwapo kazi yake italipa, na iwapo atatunzwa kwa kanuni zinazofuatwa.

Kisiwa cha Wachina kisicho na magari

Iwapo viongozi wa Lamu wangetaka kuona mfano ulio karibu zaidi na hali yao, wangeacha Guangzhou na Shanghai na kuelekea mji wa Xiamen, katika mkoa wa Fujian. Mkabala na mji huo, kuvuka mkondo mwembamba wa bahari, kipo kisiwa cha Gulangyu chenye eneo lisilofika kilomita mraba 2. Hufikiwa kwa feri. Hakina magari ya watu binafsi, wala pikipiki. Mizigo ya maduka na hoteli huvutwa na wafanyakazi kwa mikokoteni ya mkono, na vigari vichache vya umeme hutumika kwa shughuli maalumu na kuwatembeza wageni. Mwaka 2017 kisiwa hicho kilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka 16 baada ya Lamu.

Gulangyu hukaa ng'ambo ya mji wenye mamilioni ya watu, viwanda na bandari kubwa. Hakuna aliyedai kwamba kukosa magari kumekizuia kuendelea. Kinyume chake, utulivu huo ndio unaouzwa, na mkazi wa Xiamen hulipa nauli ya feri ili akatembee mahali asipopigiwa honi.

Lakini kisiwa hicho kina onyo pia. Wageni walimiminika kwa wingi hivi kwamba mamlaka zililazimika kuweka kikomo cha wanaoruhusiwa kuvuka kwa siku. Nyumba nyingi zikageuka hoteli, mikahawa na maduka ya zawadi, na wenyeji wengi wakahamia Xiamen. Magari yalizuiwa, ila mji wenyewe ukawahama wenyewe.

Dalili za ugonjwa huo hazikosekani Lamu. Shela, umbali wa kilomita zipatazo tatu kutoka mjini, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni matajiri ambao huzifungua kwa majuma machache kila mwaka. Katika mji wa kale pia, familia zinazoshindwa kukarabati nyumba za urithi zenye warithi wengi hujikuta zikishawishika kuuza. Mtaa usio na pikipiki lakini usio na Waamu ndani yake utakuwa makumbusho, si mji. Ndiyo maana haitoshi kuulinda mtaa dhidi ya magurudumu. Ni lazima alindwe pia yule anayeishi juu ya duka.

Marufuku pasipo riziki

Uhusiano wa Lamu na Uchina haukuanza jana. Katika nyumba kongwe za Mkomani, ukuta wa ndani kabisa huwa na zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, ambamo mabakuli na sahani za kauri za Kichina ziliwekwa kama fahari ya nyumba. Kisiwani Pate kuna masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo karibu na Shanga katika zama za safari za Zheng He, kati ya mwaka 1405 na 1433. Mwaka 2005 msichana mmoja wa huko alialikwa Uchina kwa maadhimisho ya miaka 600 ya safari hizo, akafadhiliwa kusomea tiba huko.

Katika karne hii, Uchina imerudi kwa sura nyingine. Kampuni yake ndiyo iliyojenga gati tatu za kwanza za Bandari ya Lamu katika mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa mwezi Machi mwaka 2012, na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, uliotarajiwa kugharimiwa kwa mikopo ya Kichina, ulikwama pale Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipoifuta leseni yake mwezi Juni mwaka 2019, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, na ikaeleza kwamba haki za wakazi, zikiwemo za utamaduni na za kupewa habari, zilikiukwa. Kesi hizo mbili ziliweka msingi muhimu: urithi wa Lamu si pambo linaloweza kuwekwa kando maendeleo yanapobisha hodi. Una uzito mbele ya sheria.

Msingi huo huo unafaa kutumiwa katika suala la pikipiki, lakini kwa pande zote mbili. Iwapo mvuvi alistahili fidia alipoondolewa majini kwa manufaa ya taifa, dereva wa bodaboda anayeondolewa mtaani kwa manufaa ya urithi wa dunia anastahili naye kufikiriwa. Marufuku isiyompa njia nyingine ya kuishi humgeuza kijana kuwa mkimbizi katika mji wake, na humfundisha kuuona urithi kama adui.

Yapo mambo yanayowezekana, na hayahitaji mabilioni. La kwanza ni kuchora mpaka unaoeleweka na kila mtu, sio agizo linalobadilika na kila mkuu anayeingia ofisini. Ndani ya mpaka huo, yaani mji wa kale na ufuo wake, pikipiki zisipite. Nje yake, kuelekea Wiyoni, Kandahari, Matondoni na Kipungani, ziruhusiwe, zisajiliwe na zipewe vituo rasmi mwanzo wa mji. Abiria ashuke hapo na kutembea dakika chache, kama babu yake alivyotembea.

La pili ni dharura. Mgonjwa hawezi kufanywa mhanga wa historia. Kigari cha umeme kinachoenea katika njia pana za mji, pamoja na mashua ya wagonjwa iliyo tayari usiku na mchana, vitaondoa hoja iliyo nzito kuliko zote katika kuzitetea pikipiki.

La tatu ni fedha. Kaunti hukusanya ada kwa wafanyabiashara wa mtaa huo, na mji huvutia wageni wakati wa Maulidi na Tamasha la Utamaduni la kila mwaka. Sehemu ya mapato hayo ikienda wazi wazi kwa kazi za mtaa wenyewe, yaani usafi, mitaro, taa, ukarabati wa kuta, hamali wenye mikokoteni, mafunzo kwa wenye punda, vijana wataona kwamba urithi unalipa mshahara. Guangzhou haikuuhifadhi mtaa wake kwa hotuba. Iliajiri wafagiaji, walinzi, mafundi na wasimamizi.

La nne ni wenyeji. Bila ya msaada wa kukarabati nyumba kwa chokaa, mawe na boriti za mikoko, ambavyo gharama yake hupanda mwaka baada ya mwaka, mwenye nyumba atauza. Na akiuza, mtaa utabaki na milango mizuri isiyogongwa na jirani.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa Lamu, onyo hilo lina maana ya moja kwa moja. Bandari inaweza kustawi au kudorora kutegemea meli na siasa za nchi jirani. Watalii huja na kuondoka kutegemea habari za usalama. Mtaa wa kutembea umekuwepo katika neema na katika dhiki, na umewalisha watu katika hali zote mbili.

Waamu wa kale walipoletewa bakuli kutoka Uchina hawakubomoa ukuta ili lipate pa kukaa. Walilitengea kidaka kwa kipimo chake, na nyumba ikazidi kupendeza. Pikipiki nayo inaweza kutengewa mahali pake, nje kidogo ya mji, ambako inahitajika. Uamuzi huo uko mikononi mwa kaunti, wazee wa mitaa na vijana wenyewe wa bodaboda, na haufai kungojea hadi siku ambapo sauti ya "Simile!" itahitaji kufafanuliwa kwa mtoto wa Mkomani.